Mdogo Wangu na Kitabu cha Koding

Ukisikia mtu anakuuliza, "Dada, mimi sijui chochote, koding nianze kusoma na kitu gani?" kimbia. Mimi sikukimbia kwa sababu aliyeniuliza ni mdogo wangu wa tumbo moja, na alikuwa na haraka zake. Kulikuwa na mafunzo ya kompyuta pale mjini, ya bure, mwaka mzima, na mwisho wake ajira. Sharti ufaulu mtihani wa kuandika programu, na uwe hujavuka miaka thelathini. Yeye alikuwa anaitimiza mwaka huo huo. Akikosa safari hii, basi tena.

Kwa nini mimi? Kwa sababu nafanya kazi ofisini na mezani kwangu kuna kompyuta. Kwa watu wa kijijini kwetu Mtawanya hiyo inatosha. Mimi kazi yangu ni kuchapa barua na ripoti, koding nilijifunza kidogo kwa udadisi tu, lakini nani atakusikiliza?

Nikaanza kutafuta. Yarabi, vilivyojaa huko mtandaoni! Kila somo linajiita la anayeanza kabisa, na kila somo, ukifika dakika ya tano, linakuambia "kama unavyojua." Kama ninavyojua nini? Ningekuwa najua ningekuja kwako?

Mwenzangu wa ofisini, mtu wa bara aliyehamishiwa huku, akaniletea masomo ya video. Mwalimu ni kijana wa Ulaya, anaongea kama anafukuzwa, na mfano wake wa kwanza ni programu ya kukukumbusha uvae glavu theluji ikianguka. Glavu, kwangu Magomeni, mjini! Hapa jasho linatutoka tukiwa tumekaa. Na kabla hata hiyo theluji haijaanguka, bando la mdogo wangu likawa limekwisha. Nikamwambia mwenzangu hayafai. Akasema, "Basi mwanzishe na lugha ngumu, akomae." Akomae! Mtu hajui hata mabano yanabonyezwa wapi.

Mwishowe nikachagua kitabu kimoja kifupi, cha Kiingereza chepesi, mifano yake imeandikwa kamili na hakihitaji bando. Nikamchapia karatasi zake, nikampa na kompyuta yangu kuukuu. Nikajiona mjanja kweli.

Sasa, mdogo wangu anafundisha watoto chuoni, yaani chuo cha Kurani, kule kule Mtawanya. Mtihani ulipokaribia akaja kukaa kwangu Magomeni. Nikamwambia aniandikie programu inayomuuliza mtu jina na kumsalimu. Vidole vikapita, tatatata, ikakubali mara moja. Nikapiga kigelegele.

"Haya, ibadili sasa. Imuulize anatoka kijiji gani."

Akaacha kuandika. "Hiyo haimo, dada."

"Haimo wapi?"

"Kitabuni."

Nikadhani ananitania. Akafumba macho, akaanza kunisomea. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa sauti ile ile ya chuoni, mwili ukienda mbele na nyuma, mabano na koma hakuacha hata moja. Alikuwa amekihifadhi chote. Hata pale nyuma palipoandikwa kwamba haki zote ni za mwandishi, napo kapahifadhi!

"Na umeelewa nini humo?"

"Maana inakuja baadaye," akanijibu, tena kwa upole. "Kwanza unahifadhi, ndipo unafasiriwa. Si ndivyo tulivyosoma sote?"

Kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Ndivyo tulivyosoma, na tukasoma vizuri. Basi hasira zote zikamwendea mwandishi. Kurasa zote zile, jamani, hukuona hata pa kuandika mstari mmoja: hapa badilisha uone?

Nikamnyang'anya zile karatasi, nikazitupa juu ya kabati.

"Kuanzia leo hakuna kitabu. Kazi yako ni kuharibu. Futa hilo bano."

"Nifute?"

"Futa!"

Akaurudisha mkono mapajani. Kwake yeye kilichoandikwa hakiguswi. Mtoto wa chuoni kwake akikosa irabu moja anarudishwa mwanzo.

"Huu si msahafu, mdogo wangu. Kaandika mtu kama mimi na wewe, anayekosea na kula wali."

Akafuta. Kioo kikajaa maandishi mekundu.

"Astaghfirullah!" Akaruka, akanikamata kanga nusura anivue.

Siku zilizobaki zilinizeesha. Nikimwambia aharibu, analalamika, "Dada, inanitukana." Haikutukani, inakuonyesha mstari uliokosea, hebu soma! Akiharibu, machozi. Akirekebisha, ananuna kwamba kazi ilikuwa nzima, nimeichokoza mimi. Ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, ikatuungulia jikoni tunabishana juu ya nukta. Nilichoka naye, wallahi, na nikilala naona umri wake unanikodolea macho.

Siku ya mtihani nilimsubiri mlangoni. Kila mmoja anaandikia mbele ya msimamizi, na majibu anapewa hapo hapo. Akatoka macho mekundu, mtandio umemwangukia shingoni.

"Vipi?"

"Nimekosea, dada."

Nikaanza kusema, na niliyasema: wao, mtihani wao, na hiyo miaka yao thelathini, nani aliwaambia akili inazeeka? Mlinzi akanigeukia. Mdogo wangu akanishika mkono.

"Nisikilize basi! Walichoniuliza sijawahi kukiona mahali. Nikaandika, ikakataa. Nikasoma ule mstari mwekundu, nikabadili, ikakataa tena. Nimekosea weee, mpaka msimamizi akavuta kiti akakaa. Mara ikakubali."

"Na nafasi?"

"Wamenipa."

Nilimtandika kofi la begani kwa jinsi alivyonirusha roho. Halafu nikamkumbatia pale pale mlangoni, watu wanatupisha, tunalia wote wawili.