Ramani ya Kitabu cha Nne

Mjukuu wangu wa kike alianza kuandika hadithi zake akiwa kidato cha pili, kwenye kauntabuku, na mimi ndiye niliyekuwa msomaji wake wa kwanza. Natangulia kusema hivyo ili ijulikane kwamba nilichokiharibu sikukiokota njiani. Nilikabidhiwa mkononi.

Aliishi kwangu tangu mama yake, binti yangu, alipohamia Kahama kwa biashara ya mchele. Bibi yake alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo tulikuwa wawili tu kwenye nyumba iliyo pembeni mwa kijiji, upande wa Kharumwa. Huku kwetu mkulima wa pamba na mchimba dhahabu mara nyingi ni mtu yule yule. Inategemea mvua za mwaka huo. Mimi mwenyewe nilikuwa karani wa chama cha pamba, na chama kilipokufa nikashika sururu.

Hadithi yake ilikuwa moja ndefu, iliyogawanyika katika vitabu. Mwalimu wa fizikia wa shule moja ya kata anatoweka mbele ya darasa zima, akiwa ameugeukia ubao. Chaki inadondoka sakafuni, yeye hayupo. Wanafunzi watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja mwoga sana, wanaanza kumtafuta. Katika kitabu cha kwanza wanagundua kwamba redio ndogo aliyoiacha mezani inakamata sauti za watu ambao bado hawajazaliwa. Katika cha pili zinaonekana nyayo zake kwenye tope, zinakwenda tu, hazirudi, na zimekauka kama za miaka mingi iliyopita. Katika cha tatu anakamatwa mlinzi wa shule, mtu asiye na hatia, na hapo wasomaji walikasirika kwelikweli.

Najua walikasirika kwa sababu mwandishi aliwaachia kurasa tupu mwishoni watoe maoni. Madaftari yalizunguka shule nzima, mkono kwa mkono, yakarudi yamelegea, yananuka mafuta ya kupaka. "Mlinzi hahusiki, nakuapia," aliandika mmoja. Mwingine: "Una roho mbaya wewe, umeishia pabaya." Mjukuu wangu aliyasoma hayo kwa sauti huku akipika, anacheka mpaka ugali unashika chini.

Kazi yangu ilikuwa kusahihisha Kiswahili. Nyumbani tunaongea Kisukuma, naye alitaka lugha iliyonyooka. Lakini hakuniachia uhuru wote.

"Babu, weka alama tu, usinibadilishie maneno. Juzi nimeandika 'akatimua mbio', wewe ukaweka 'akakimbia kwa mwendo wa kasi'."

"Hicho ndicho Kiswahili sanifu."

"Hicho ni cha ofisi ya pamba. Mtu anafukuzwa, Babu, hana muda wa mwendo wa kasi." Kisha akasema, "Na usimwonyeshe mtu mzima yeyote. Watu wazima wakisoma wanauliza inafundisha nini."

Nikamwahidi.

Kitabu cha nne kilikuwa na ramani. Alikuwa amechora shule, mlima wenye mawe matatu, njia ya kwenda mtoni, na josho la zamani ambalo tulikuwa tukiogeshea ng'ombe. Kila kitu kilikuwa cha kijijini kwetu, nilikitambua kwa kukitazama tu. Kando ya josho aliweka msalaba, chini yake maneno: "Mashine imefukiwa hapa." Juu ya ukurasa, kama kawaida yake, kulikuwa na jina lake na kidato chake.

"Hili umelitoa wapi?" nilimuuliza.

"Nimeliota, Babu. Niliota chuma kikubwa chini ya josho, kinapumua kama ng'ombe aliyelala. Nikaamka nikaandika."

Hapo lazima nieleze jambo la wachimbaji. Kwenye maduara, yaani yale mashimo yetu ya kushuka kwa kamba, mtu akiamka anaulizwa ameota nini kabla hajanywa chai. Na tunaambiwa dhahabu haiji ndotoni kwa sura yake. Ukiota dhahabu, umeota tamaa yako. Ukiota ng'ombe mwekundu, au mtoto analia, au chuma, hapo wazee wanaacha kutafuna. Ndoto nzito kuliko zote ni ya mtu safi ambaye hajawahi kushuka duarani. Nilizisikia habari hizo kwa miaka mingi, nikazicheka kwa sababu nimesoma, na nikachimba nazo vilevile. Sikupata hata dhahabu ya kuezekea choo.

Nilijua ile ni hadithi. Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu vilivyotangulia, tena nikiwa na penseli mkononi. Lakini asubuhi ile nilifunga daftari nikiwa kwenye ramani, nikalitia kwapani, nikaenda kwa rafiki yangu niliyewahi kuchimba naye duara moja. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Chuma, umesema?" aliuliza.

"Chuma kinachopumua."

Aliacha kupukuchua. "Josho lile unalikumbuka? Ng'ombe walikuwa wanakataa kuingia."

"Ng'ombe gani anapenda josho? Dawa inawasha."

"Hawa walikataa zaidi, bwana."

Akatoa simu apige picha, ati asisahau vipimo. Daftari lilikuwa linajifunga, basi nikalishika liwe wazi kwa vidole gumba vyangu viwili. Na hivyo ndivyo nilivyoivunja ahadi niliyompa mjukuu wangu.

Haikuchukua wiki. Picha ilipita kwenye makundi ya simu pamoja na habari ya ndoto, na josho likawa rashi, kama tunavyoita watu wanapovamia mahali penye fununu. Walikuja kutoka Geita, wengine Kahama, na sururu zao, magogo ya kukingia kuta za mashimo, na mama lishe na masufuria yao. Wenye duara la kwanza walinitengea mfuko wa mawe ya kusaga kutafuta dhahabu, mgao wa mwenye ndoto, kama desturi ilivyo. Niliupokea kwa niaba ya mjukuu wangu nikauficha nyuma ya ghala. Yeye sikumwambia.

Alirudi kutoka shuleni anakimbia. "Babu, umeona? Nimebuni mahali, na watu wamekuja kuchimba palepale! Hili naliweka kitabu cha tano." Alikuwa na furaha kama mtu aliyepewa zawadi na Mungu mwenyewe. Ningeweza kusema wakati ule. Nikamwambia, "Mambo ya dunia haya," nikatoka kwenda kuwafungia mbuzi.

Siku ya Jumamosi mchana walikuja watu watatu, wanaume wawili na mama mmoja. Mjukuu wangu alikuwa anafua. Yule mama, wa umri wa binti yangu, alipiga magoti kwenye maji ya sabuni akasema, "Shikamoo."

Mjukuu wangu aligeuka kuona kama niko nyuma yake. "Babu, anakuamkia wewe."

"Nakuamkia wewe, mtaalamu," alisema mama. "Umeota nini tena? Duara letu limefika maji, tunaona mwamba mweupe tu. Nimeuza ng'ombe wawili niingie pale. Niambie tu twende kulia au kushoto."

"Mimi sijaota chochote. Ile ni hadithi."

Mmoja wa wanaume akacheka kwa heshima. "Wenye kipawa wote husema hivyo." Akamwonyesha picha kwenye simu.

Aliitazama. Aliyaona maandishi yake, jina lake, na vile vidole gumba vilivyoshikilia ukurasa, kimoja kikiwa na ukucha uliopasuka kwa nyundo. Kisha akaitazama mikono yangu. Akaendelea kufua.

Sikuwahi kumchukia yule mama, wala sasa simchukii. Alikuja na imani ambayo niliipeleka mimi sokoni.

Baada ya siku ile mambo yaliharibika shuleni. Wazazi wengine waliwakataza watoto wao kuyagusa madaftari. Rafiki yake aliyekuwa akikaa naye dawati moja alihama. Wengine walimwomba awaotee mtihani, na hao nadhani walimuumiza zaidi, kwa sababu walikuwa wanatania nusu tu. Kitabu cha tano, alichokuwa amekiandika hadi katikati, alikifungia kwenye sanduku la bati.

"Hutaandika?" nilimuuliza.

"Nikiandika mtu amekufa, kesho wataniuliza nani. Mwalimu abaki hukohuko alikopotelea."

Nilimwomba msamaha. Nilimweleza yote, na mfuko nyuma ya ghala nao nikamwonyesha. Aliutazama ule mfuko kwa muda, akasema, "Umeninunulia mawe, Babu."

Kesho yake nilikwenda kwenye maduara. Nilisimama juu ya ukuta wa josho nikawaambia kwamba mtoto hakuota dhahabu, kwamba ile ni karatasi ya hadithi, na mzee mpumbavu ni mimi. Walinisikiliza vizuri. Kisha kijana mmoja aliyejaa vumbi hadi kope akasema, "Mzee ameshakula mgao, sasa anataka tuondoke abaki na duara peke yake." Wakacheka wote. Mwingine akaniambia, "Shuka hapo, mzee wetu, utavunjika kiuno na hadithi haijaisha."

Nilirudi nikamsimulia mjukuu wangu. Akasema jambo ambalo mimi na elimu yangu sikuliwaza. "Wamesoma ukurasa mmoja. Wasome vyote."

Jumapili baada ya misa aliyachukua madaftari manne. Niliomba nimbebee, akanipa mawili. Kibanda cha mama lishe pale joshoni kilijaa wachimbaji wanaokula wali maharage. Yule mama aliyeuza ng'ombe alikuwepo, amekaa karibu na jiko. Mjukuu wangu aliwaamkia, akakaa kwenye benchi, akaanza kusoma kitabu cha kwanza kutoka mstari wa kwanza.

"Mtaalamu, ruka twende kwenye ramani!" alipaza sauti mmoja.

"Kaa ule," mama lishe alimjibu. "Mtoto anasoma."

Chaki ilipodondoka darasani, kijiko cha mtu kilisimama hewani. Redio iliposema na watu ambao hawajazaliwa, yule kijana mwenye vumbi kwenye kope alihamia benchi la mbele. Kitabu cha pili kilipoisha waliokwisha kula walikuwa hawajaondoka. Kwenye cha tatu ugomvi ukazuka.

"Ni mlinzi huyo, funguo alikuwa nazo nani?"

"Mlinzi hahusiki! Wewe ulikuwa unatafuna, hukusikia."

"Mwacheni dada asome, nyinyi!"

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama alipofika kwenye ramani. Akasoma kwamba wanafunzi watatu walichimba kando ya josho siku mbili, wakafika chini kabisa, na hawakukuta mashine. Walikuta kiatu kimoja cha mwalimu. Redio ikawaka yenyewe, sauti ya mwalimu ikasema, "Wanangu, mahali ni hapo, lakini mmechimba mwaka usio wenyewe. Rudini nyumbani."

Mimi nilikuwa sijafika kwenye ukurasa huo. Siku niliyoiona ramani nilikimbilia kwa rafiki yangu, na baadaye, nilipomrudishia daftari, niliweka alama za penseli hapa na pale kwenye kurasa zilizobaki ili aone nimesahihisha. Sasa aliposoma niliona akizipita alama zangu, moja imewekwa mahali ambapo hapakuwa na kosa lolote. Alikuwa amejua tangu zamani kwamba sikuzisoma.

Kijana yule akapiga paja lake. "Yaani imeandikwa kabisa kwamba hakuna kitu!" Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, mpaka mmoja akatoka nje kupenga kamasi. Yule mama hakucheka.

"Kwa hiyo chini hakuna?" aliuliza.

"Kilichoko chini sikijui, Mama," mjukuu wangu alisema. "Ninachojua ni kwamba sikukiota kwa ajili yenu. Nisamehe. Shikamoo."

Mama aliinua macho kutoka jikoni. "Marahaba, mwanangu," alisema. Halafu, kama anayeona haya kuuliza, "Na mwalimu mmempata?"

"Bado, Mama."

Wengi waliondoka wiki ile. Wachache waliendelea hadi maji yalipowashinda. Mimi na rafiki yangu tulifukia mashimo yaliyo karibu na njia ya ng'ombe, kwa majembe yetu, siku nyingi, na mgongo wangu unalipa hadi leo. Wale ng'ombe wawili wa yule mama sikuweza kuwarudisha. Nilimpelekea madebe ya mahindi, akayapokea, akaniambia na yeye alikuwa na masikio yake mwenyewe.

Mjukuu wangu alihamia kwa mama yake Kahama kumalizia shule. Miezi ilipita bila habari ya hadithi. Kisha binti yangu akaniambia kwenye simu, kama habari ndogo tu, kwamba mtoto amemaliza kitabu cha tano na kinazunguka. Niliomba niongee naye.

"Nitumie kwa basi," nilimwambia. "Nikusahihishie kabla hakijaenda mbali."

"Kuna mwenzangu wa darasani anasahihisha, Babu."

"Kiswahili anakijua?"

"Cha kawaida. Lakini anasoma mpaka mwisho."

Nikamwambia basi nitasubiri zamu yangu kama wasomaji wengine. Hapo akacheka, kicheko chake cha zamani cha jikoni, akaniambia orodha ni ndefu na mimi ni wa kumi na saba.

Juzi nimeuliza kimefika kwa nani. Kiko kwa wa kumi na mbili, msichana mmoja wa Ushetu, na naambiwa anasoma polepole sana.