Kikombe cha Mfua Shaba

Mfua shaba hulamba kidole gumba, akaigusa sufuria, akainong'oneza, "Tulia, mama," ndipo agonge. Katika kila ua anakofanya kazi pale kijijini, Waromania humpa maji kwenye kikombe cha plastiki, kisha hukitupa. Hanung'uniki. Hata kwake kipo kikombe kilichovunjika mkono, cha wageni wasio Waroma, yaani wasio wa kabila lake, na mkamwana wake Zambila hukiosha kwenye beseni la pembeni, mbali na vyombo vyao. Ngoma droo! Lakini jana Ilinka, jirani Mromania wa ng'ambo ya uzio, alimwita ndani, akamketisha mezani, akamtolea kahawa kwenye kikombe cha maua cha kabatini. Alikishika kwa mikono yake yote miwili yenye masizi, kama anayeshika kifaranga.

Leo Ilinka kaja kuchukua sufuria yake ya jamu. Zambila akakimbilia kile kikombe kibovu. "Kirudishe," akasema mzee. "Baba, umelogwa? Huyu si wetu!" "Nipe changu." Akakifuta kwa pindo la shati, akammiminia Ilinka kahawa mwenyewe. "Chungu kama ulimi wa mkweo," Ilinka akamtania Zambila, akanywa hadi machicha, akaaga. Zambila akabaki na kikombe cha mzee mkononi, kabenua midomo. "Haya, nikioshe kwenye beseni lipi?" Mfua shaba alikuwa ameshalamba kidole gumba. "Letu, mwanangu."