Kabati la Besi na Kamati ya Samani

Waliohusika ni Kamati ya Samani ya kanisa letu, na hasa mwenyekiti wake. Natangulia kusema hivyo ili msomaji asihangaike kumtafuta mkosaji katikati ya kumbukumbu zangu. Kamati hiyo iliamua kwamba makabati yote mabovu yaondolewe stoo, na katika kuyaondoa ikaondoa pia kabati la spika ya besi alilolitengeneza marehemu baba yangu. Neno hilo moja, kabati, ndilo lililotuponza. Nilifanya kazi masjala hapa Nakuru hadi nilipostaafu, na najua jinsi kitu kinavyoweza kupotea kwa sababu tu kimeitwa kwa jina linalofanana na la kitu kingine.

Enzi zetu, sisi tuliolelewa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ukuta mmoja ulitenganisha familia mbili, na mtu akipiga chafya upande ule, wa upande huu walimwombea afya. Tulicheza kati kwa mpira wa matambara na bano kwa gololi mpaka vumbi likatufanya wote tuwe wa kabila moja. Jioni upepo ulituletea harufu ya pareto, na jikoni mama zetu walikuwa wakisonga ugali wa wimbi huku wakiitana majina ya kwao magharibi. Baba alikuwa seremala wa mabehewa. Mjomba wangu Zakayo, kaka yake mama, alikuwa kiwandani akifuma blanketi, na siku za Jumamosi alikuwa mpiga besi wa bendi ya mtaa. Wenzangu wa rika hilo hawahitaji kuelezwa bendi ya mtaa ilikuwa nini. Hapakuwa na arusi bila bendi.

Bendi ilianza kwa kosa. Walikuwa na amplifaya moja ndogo, iliyokusudiwa gitaa la kawaida, na mjomba akaona hakuna ubaya wa kuchomeka besi humo. Arusi ya kwanza, kabla ya keki kukatwa, karatasi ya spika ikapasuka. Kuanzia hapo kila noti ilitoka kama sauti ya mtu mwenye mafua. Wageni walicheza kwa heshima tu.

"Shemeji, ulimfunga punda mdogo mkokoteni wa mawe," baba alimwambia walipofika nyumbani.

"Sasa ulitaka nipige kwa mdomo?" mjomba akajibu.

"Ungepiga kwa mdomo, tungecheza."

Mama alicheka hadi akaketi chini. Lakini funzo lilibaki, na nawaandikia vijana kwa sababu sioni likifundishwa popote. Besi huhitaji amplifaya yenye nguvu kuliko ya gitaa, tena isiyotumika hadi ukomo wake, kwa maana mashine ndogo inayolazimishwa hupiga kelele, na kelele hiyo ndiyo huchana spika. Huhitaji spika pana, yenye karatasi ngumu. Na huhitaji sanduku zito, lisilotikisika wala kuvuja hewa. Amplifaya na spika walizipata kwa kuvumilia na kuchagua, wakikataa mbili zilizong'aa zaidi. Sanduku akasema baba atalitengeneza mwenyewe.

Mbao zilikuwa za mvule, kutoka sakafu ya behewa lililokwisha kuvunjwa, na alizichukua kwa ruhusa ya msimamizi wake. Naliweka hilo wazi kwa kuwa kuna watu hudhani kila ubao uliotoka reli ulitoka usiku. Ndani alibandika vipande vya blanketi vilivyokataliwa kiwandani, alivyoviomba mjomba, ili sauti isirukeruke kutoka ubao hadi ubao. Kabla ya kutoboa tundu la spika upande wa mbele, aliniingiza mimi ndani na kulifunika.

Nakumbuka giza lile na harufu ya gundi na sufu. Nakumbuka kiganja cha baba kikipapasa mbao kwa nje, taratibu, kama anayempima mtoto homa.

"Unaona nyota?" akauliza.

"Naona moja, baba."

"Iko wapi?"

Nikaweka kidole kwenye ufa, naye akakiona kidole changu kutoka nje, akauziba kwa gundi na vumbi la mbao. Tuliendelea hivyo hadi nyota zote zikazimika. Watu wengine walijifunza dunia kwa kuangalia mbingu. Mimi nilijifunza kwa kuhakikisha hakuna mwanga. Kisha akanitoa, akanipangusa nywele, akaniambia nimefanya kazi ya mtu mzima.

Lilipokamilika tuliliita Kuka, ambalo kwetu ni babu, kwa kuwa lilizungumza kwa sauti ya mzee aliyeshiba. Kulijaribu kulikuwa na utaratibu. Amplifaya iliwashwa mapema, ipate moto kama chai, na haikuwashwa kamwe kabla ya waya wa spika kuunganishwa. Kuka aliketishwa sakafuni, mgongo ukutani, maana sakafu na ukuta humsaidia mzee kusema. Ukimpandisha mezani sauti inakonda. Hakusogezwa pembeni kabisa mwa ukumbi, kwa sababu huko mabati ya paa yalianza kuimba pamoja naye. Halafu mama alitumwa bombani, mbali, kule wanawake walikochota maji. Mjomba alipiga noti moja nzito na kungoja. Mama akiihisi kifuani, aliinua kitambaa chake cha kichwa. Hapo ndipo mjomba aliporidhika, kwa kuwa anayesimama mbele ya besi huisikia nusu tu. Iliyobaki imekwisha kwenda zake.

"Gitaa unalisikia likiwapo," alikuwa akituambia. "Besi unaisikia ikikosekana."

Bendi ilipotawanyika, wengine wakihamishwa na wengine kurudi vijijini, baba alimkabidhi Kuka kwa kwaya ya kanisa letu ili asindikize nyimbo. Baba alifariki, mama akafuata, na kwa miaka yote hiyo, kila Jumapili besi ilipoingia, nilihisi kiganja kikipapasa mbao. Sikumwambia mtu. Mambo mengine hayana faili.

Mwaka huu karatasi ya spika ilichoka, na vijana wa kwaya wakaing'oa spika na kuipeleka kwa fundi mjini aibadilishe karatasi. Walifanya vyema. Kuka akabaki stoo akiwa na tundu la mviringo kifuani, akingoja. Ndipo Kamati ya Samani ilipopita na agizo lake kuhusu makabati mabovu. Nilimwendea mwenyekiti kwa adabu zote.

"Mzee, ona," alisema. "Halina mlango. Halina rafu. Nyuma limepigiliwa misumari. Sasa hapo tungeweka nini?"

"Sauti," nikamwambia.

"Sauti tuko nayo, mzee. Si tumenunua ile mpya?"

Ile mpya ni ndoo ya plastiki yenye taa. Vijana wa leo huchagua spika kwa macho. Ukiuliza besi iko wapi, wanakuonyesha taa ya buluu ikipepesa. Mmoja aliniambia kwa Kisheng chao, ambamo mama ni mathe, "Mathe na mzee wa siku hizi wanadai besi, na simu iko nayo." Nilishika simu hiyo sikioni. Nilisikia nyuki.

Nilimfuatilia Kuka hadi mtaa wa Free Area, kwa Mama Chebet, muumini mwenzetu, aliyepewa kabati hilo bila hila yoyote na asiyestahili lawama. Alikuwa ameliweka uani chini ya kipande cha bati. Nilipoinama kwenye tundu, jicho jekundu lilinitazama kutoka gizani. Kuku alikuwa amelalia mayai juu ya blanketi za mjomba.

"Usiweke mkono, huyo hana heshima," Mama Chebet alionya. Nilimweleza kila jambo: mbao, gundi, bomba, kitambaa. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika sinia la mahindi. "Pole, mzee. Mimi nilijua ni kabati ya watu wamefunga vibaya. Lakini unataka nimtoe mama wa watoto kwa nyumba? Ngoja atotoe. Akishatoka, chukua sanduku ya baba yako, na utapewa jogoo."

Niliinama tena kwenye tundu. Ndani mlikuwa na joto na ukavu, bila ufa hata mmoja. Kuku alijua kuchagua kuliko kamati. Ila bati lile ni fupi, mvua za Bonde la Ufa haziombi ruhusa, na mvule uliofungwa kwa gundi ya zamani ukilowa kila siku huachana. Mama Chebet akatandaza gunia juu kwa hisani yake. Gunia si paa.

Na haya si ya kungoja sana, kwa sababu ya mjomba Zakayo. Ndiye pekee wa bendi ile aliyebaki. Anaishi Gilgil kwa binti yake, vidole vimejikunja, na ameomba jambo moja: aletwe kanisani, aketi karibu na ukuta, aisikie besi ikipita kwenye Kuka kabla hajaenda. Hupiga simu.

"Mpwa wangu, liko?"

"Nalishughulikia, mjomba."

"Lishughulikie haraka. Mimi sishughulikiwi tena."

Zamani kitu kilitengenezwa na mtaa mzima, na mtaa mzima ukajua jina lake. Leo kitu hununuliwa na mmoja, hutupwa na kamati, na hakuna anayejua kilikuwa nini. Nyumba zetu za reli zimeezuliwa, bomba limekauka, na anayepiga chafya siku hizi hujiombea mwenyewe. Hayo sina wa kumshtaki. Hili la kabati ninaye.

Kwa hiyo nadai, rasmi na kwa jina langu, kwamba Kamati ya Samani ieleze mbele ya waumini wote kwa nini ilitoa mali ya kwaya bila kumuuliza mwanakwaya hata mmoja. Kwamba igharimie paa la maana juu ya sanduku hilo kuanzia leo. Na kwamba vifaranga wakishatoka, wajumbe walibebe kwa mikono yao, walisafishe, walirudishe ukutani, na kuifunga spika ambayo fundi amekwisha kuimaliza. Iwapo mjomba wangu atafika kabla ya hayo kutimizwa, mimi sitamjibu tena kwa niaba ya mtu. Mwenyekiti atampokea mlangoni, atamshika mkono hadi kwenye ule ukuta mtupu, na atamweleza yeye mwenyewe.