Bunduki Iliyomzoea Kapteni

Fadul Abdelkarim alikuwa fundi wa bunduki katika jeshi la wakoloni, na mwaka ule wa 1934 alibakiza siku tisa tu kutimiza miaka kumi na miwili ya utumishi. Akizimaliza salama, atapewa karatasi ya kuishi na kulima Kibra, kwenye ardhi ya askari wastaafu. Akifukuzwa kabla, basi yeye na mkewe Fatna watatolewa kwenye nyumba waliyoikandika huko kwa mikono yao. Jeshi lile halikuwa na masihara na mtu mweusi.

Ndipo akaletwa Kapteni mpya, kijana wa juzi mwenye mdomo mrefu. Siku ya kwanza uwanjani alipiga risasi tano, zote zikaangukia kushoto mwa shabaha. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua! "Bunduki imepinda," akafoka. "Kisukume hicho kichuma cha kulengea hapo mbele, kiende kulia."

"Afande, kichuma cha mbele hufuata risasi inakokosea," Fadul akasema. "Zikienda kushoto, nacho husukumwa kushoto."

"Nimesema kulia!"

Haya, akakisukuma kulia. Risasi zikazidi kwenda kushoto, nusura zimpate mbuzi wa watu. Kapteni akaiva uso. "Jumamosi Kanali anakuja kutazama shabaha zetu. Nikikosa, Jumatatu huna kazi."

Jioni Fadul akakirudisha kichuma katikati, akaiegemeza bunduki juu ya gunia la mchanga, akapiga tano. Zote zikaingia mahali pa kufunikwa na kiganja. Kumbe bunduki nzima! Mgonjwa ni Kapteni, ambaye kila akifyatua alifumba macho na kuvuta kama anang'oa jino. Sasa nani amwambie?

"Usimwambie," Fatna akasema aliposimuliwa nyumbani, akicheka mpaka akashika mbavu. "Mtu akitembea upande, mshonee kiatu cha upande."

Wallahi, mwanamke huyu! Fadul akachukua nyundo yake ndogo, akakigonga kichuma kushoto, kwa kipimo kile kile cha woga wa Kapteni.

Jumamosi Kapteni akapiga katikati mara tano. Kifua kikamvimba. "Mimi ndiye niliyemwelekeza fundi," akajigamba. Kanali akaitaka bunduki, naye ajaribu. Akapiga: kulia. Tena: kulia.

"Fundi, bunduki hii ni nzima?"

Akisema nzima, amemtukana Kanali. Akisema mbovu, Fatna afungashe vyungu. "Afande," akasema, "imemzoea Kapteni."

Kanali, mzee wa vita, akailaza bunduki juu ya gunia, akapiga moja polepole. Kulia. Akakitazama kile kichuma kilichogongwa kushoto, akamtazama Kapteni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akamuuliza Fadul amebakiza nini jeshini.

"Siku nne, afande, na karatasi ya Kibra."

Karatasi ikaletwa. Meza hakuna. Kanali akamwamuru Kapteni ageuke na kuinama, akaitandaza mgongoni mwake, akatia sahihi. Ilitoka imepindapinda, maana ule mgongo haukutulia, lakini Fadul aliibusu hivyo hivyo.