Lango Lililofunguliwa kwa Utani

Mwaka niliorudi Tabora na shahada yangu ya historia, nchi nzima ilikuwa inahamishiwa vijijini, na mimi nikapangiwa kazi mjini, katika ofisi ya utamaduni. Ofisini palikuwa na meza moja, kiti kimoja na ngoma iliyopasuka. Mkubwa wangu, mtu mpole mpenda vikao, aliniambia kwamba hapo ndipo ilipo roho ya taifa. Nikamwuliza mbona roho ya taifa haina kiti cha pili. Alicheka, kisha akaniteua kuwa katibu wa kamati mpya. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yangu.

Kamati ilitakiwa kuiunganisha upya yadi ya mizigo ya reli na mji. Kusema haki, wazo lenyewe halikuwa baya. Tabora haina bahari wala ziwa, lakini ni bandari. Zamani misafara ya Ujiji na ya Karagwe ilikutana hapa kabla ya kushuka pwani. Siku hizi reli ya Kigoma na reli ya Mwanza hukutana hapahapa, na mabehewa hupakia tumbaku, asali ya madebe, na mpunga unaoletwa na malori kutoka Igunga. Mjerumani alileta reli, Mwingereza akaleta uzio, na tangu hapo, kwa maelezo ya kamati, mwananchi ametenganishwa na bandari yake hata amesahau kwamba yeye ni mwana wa msafara. Dawa ikapatikana: siku ya utamaduni, ngoma ndani ya yadi, na lango jipya litakaloitwa Lango la Wapagazi.

Ukweli ni kwamba mji na yadi vilikuwa vimeunganishwa siku nyingi, bila kamati, kwa pengo. Nyuma ya bohari la tumbaku nyaya za uzio zilikuwa zimekatwa, na ardhi ya pale ilikuwa ngumu kama sakafu kwa kukanyagwa. Kila mchana wanawake walipita hapo na masufuria vichwani, wakawauzia chakula makuli, yaani wale wapakiaji wa mizigo. Mmoja wa wanawake hao alikuwa shangazi yangu. Alikuja mjini kutoka Puge akiwa mjane, akapanga chumba mtaa wa Ipuli, na kwa pengo lile akalisha nyumba nzima, nami nikiwamo. Sifa yake ilikuwa nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga. Elimu yangu yote, ukiifuatilia hadi chini, unakuta sufuria ya nsansa.

Katika kikao cha tatu au cha nne, stesheni masta alieleza kwamba lango likifunguliwa, pengo lazima lizibwe.

"Huwezi kuwa na lango na tundu kwa pamoja," alisema. Alikuwa Mhaya, mtu safi sana, wa kunyoosha hata penseli zake mezani. "Lango lenye tundu pembeni ni pambo tu."

"Kwa hiyo lango litakuwa wazi?" niliuliza.

"Siku ya sherehe."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ni yadi ya mizigo, ndugu katibu. Kuna wezi."

Niliomba iandikwe kwamba tunafunga njia ili tufungue njia. Mwenyekiti akasema hoja yangu ni ya kisomi, akaenda kwenye ajenda iliyofuata: makuli wapewe mapumziko siku ile, maana nguo zao zingeharibu mandhari. Wapagazi wa zamani wangeigizwa na wanafunzi wa sekondari, na kwa kuwa robota la tumbaku lingewavunja shingo, wangebeba nyasi zilizofungwa kwa shuka. Wajukuu wa wapagazi wangekaa nje ya uzio, huku ndani babu zao wakiigizwa.

Jioni nilimweleza shangazi. Alikuwa amechuchumaa akichambua kunde.

"Wanaziba lini?"

"Alhamisi. Sherehe ni Jumamosi."

"Na makuli watakula wapi? Wakizunguka hadi kwenye kivuko cha reli, saa yao ya kula imekwisha hawajafika."

"Kamati haikuzungumzia chakula. Ilizungumzia urithi."

"Urithi huo wanaula na nini?" Akachambua kidogo, kisha akauliza, "Mgeni rasmi nani?"

"Mkubwa mmoja wa reli, kutoka Dar."

"Kabila gani?"

"Shangazi! Siku hizi hatuulizani makabila."

"Hamuulizani ninyi. Mimi nakuuliza."

"Mzaramo."

Akaacha kunde. Alicheka mpaka akashika ukuta, na hakuniambia anacheka nini. Wala hakuwa na haja. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mpagazi akiugua pwani, mtani ndiye aliyemwuguza. Akifa, mtani ndiye aliyemzika, na kumtukana vizuri kaburini. Mtani akikuzuia njiani au akikunyang'anya kofia, huna budi kujikomboa kwa kumpa anachotaka, na ukinuna wewe ndiye umekosa adabu. Chuoni niliandika kwamba utani ni mabaki ya biashara ya misafara na utakufa wenyewe chini ya Ujamaa. Nilipata alama nzuri.

Jumamosi yadi ilipambwa kwa makuti, ingawa minazi ya Tabora ni ya kutafuta kwa tochi. Pengo lilikuwa limeshonwa kwa waya mpya. Makuli walijipanga nje ya uzio wakiwatazama wanafunzi wakipita na nyasi zao.

"Wee kijana, huo mzigo au mtoto mchanga?" mmoja alipaza sauti. "Utaunyonyesha saa ngapi?"

Mgeni rasmi alishuka garini, mtu mnene mwenye kofia nzuri ya majani, akaongozwa kwenda kukata utepe. Kabla hajaufikia, shangazi na mwenzake walitoka katikati ya watu wakanyoosha kanga njiani, kutoka nguzo hadi nguzo.

"Mzaramo! Unaingia Unyamwezi bila hodi? Kwenu hawapigi hodi, au milango mliikaanga na samaki?"

Mwenyekiti wetu alifumba macho. Askari akasogea. Mgeni akamzuia kwa mkono, na uso wake wote wa kiserikali ukabadilika.

"Nani anasema? Mbebaji? Babu yako alifika kwetu na mzigo wa bwana wake kichwani, tukampa maji ya kunywa, akadhani ndiyo bahari!"

"Na babu yako alikuwa wapi? Chini ya mnazi, anangoja nazi imwangukie mdomoni!"

Watu walilipuka. Makuli walikuwa wanautikisa uzio kwa kucheka. Kabla mgeni hajajibu, kofia yake ilikuwa kichwani kwa shangazi.

"Haya, nimetekwa," alisema. "Unataka nini? Nazi sikuja nazo."

"Nazi kaa nazo. Nataka lango hili lisifungwe. Pale tulipokuwa tunapita pamezibwa kwa heshima yako. Kila siku ya kazi, mchana, tuingie na masufuria yetu tukalishe watu."

"Mnyamwezi mpe mji mzima, ataomba njia ya kupitisha mzigo! Lisifungwe. Nirudishie kofia, jua lenu halina adabu."

Stesheni masta alikuwa amesimama karibu nami. Akaninong'oneza, "Anatania?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo si amri?"

"Hapo sijui."

Jumatatu mchana aliniita. Nilimkuta langoni, kufuli jipya mkono mmoja na ufunguo mkono mwingine. Nje walisimama wanawake na masufuria yao, shangazi mbele. Mlinzi, kijana wa Kinyamwezi, aliangalia mawingu ambayo hayakuwapo.

"Wewe ni msomi wa mambo haya," stesheni masta aliniambia. "Neno la utani linatekelezwa?"

"Piga simu Dar umwulize mwenyewe."

"Nimwulize nini? 'Mkubwa, ulipokuwa unacheka, ulikuwa unaagiza?' Akisema alitania tu, basi amemdhulumu mtani wake mbele ya mji mzima, na mimi ndiye niliyemsemesha. Akisema aliagiza, ataniuliza kwa nini siku ya tatu bado nashika kufuli." Alitazama kufuli lile kama kwamba lingemshauri. "Kwetu Bukoba mtu akisema ndiyo, anakuwa amesema ndiyo."

"Baba," shangazi aliita kutoka nje, kwa upole kabisa, "chakula kinapoa."

Stesheni masta alifungua. "Kwa leo," alisema.

Jumanne akafungua tena kwa leo, na Jumatano vilevile. Simu haikupigwa. Baada ya majuma kadhaa kufuli likahamia kwenye choo cha wafanyakazi. Kamati ilikutana mara ya mwisho, ikajipongeza kwamba yadi na mji vimeunganishwa kwa njia ya utamaduni. Nilitafuta uongo katika sentensi hiyo nikaukosa, jambo lililoniudhi sana. Hata hivyo sikukubali, na hadi leo sijakubali, kwamba utamaduni ndio ulioshinda. Kilichoshinda ni mtu mmoja mwangalifu kuogopa simu. Nilimwambia shangazi hivyo mchana mmoja, pale yadini. Akasema kama ningekuwa na kazi nisingepata nafasi ya kuwaza hayo, akanipa ndoo nikamchotee maji.

Niliporudi na maji, makuli walikuwa wamejipanga kwenye kivuli cha bohari wakingoja kupakuliwa. Stesheni masta alikuja na sahani yake kutoka nyumbani, akapita moja kwa moja hadi mbele, kama inavyompasa mwenye yadi.

"Wewe ni mtani wetu?" shangazi alimwuliza, upawa umesimama hewani.

"Hapana, mama."

"Basi panga foleni."

Akaenda nyuma, akasimama baada ya kuli wa mwisho.