Mgongo wa Emerensiana Ukutani Makambako

Emerensiana wa Njombe alikuwa muuza viazi katika soko la Makambako, na ungemuuliza mwenyewe, viazi vyake vilikuwa vikubwa hata kimoja kiliwahi kuzuia lori mlimani. Kwa hiyo mwaka wa tisini na tatu, watu wa maonyesho ya picha ya kuzunguka walipofika Makambako, wakasema kila mji wanaoupitia wanaongeza picha ya mwanamke wa soko la hapo na kuiacha ukutani, yeye hakushangaa kuchaguliwa. Alishangaa wamechelewa.

Mchoraji wao, Rehana, alimchora kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, pale stendi. Uso mtupu, mkubwa kama mlango wa kanisa, macho yanamfuata kila mpita njia. Emerensiana akarudi Njombe akitembea kama mke wa mkuu wa wilaya, akaalika watu, hata wa mbali kule Ipelele, waende kumtazama.

Siku ya tatu akaja binti yake, Matilda, kutoka Makambako, amenuna.

"Mama, umemfukuza mume wangu kazini."

"Mimi? Mimi niko hapa namenya viazi."

"Uso wako unatazama meza yake ya mitumba!"

Emerensiana akaweka kisu chini. Mkwe ni mkwe. Tangu amuoe Matilda, Nahumu, kwa heshima ya ukwe, hajawahi kumtazama mama mkwe usoni. Wakikutana njiani yeye huingia shamba la watu, hata kama ni matope matupu. Sasa mama mkwe kapandishwa ukutani, wala hapepesi. Siku ya kwanza Nahumu aliuza makoti akiwapa wateja mgongo. Ya pili alijifunika gunia. Ya tatu hakwenda, na Badru muuza viatu akaanza kusogeza viatu vyake taratibu kwenye nafasi ile.

"Akiikosa nafasi ile hana nyingine," Matilda alisema. "Waufute, mama."

Wakapanda lori la viazi, Emerensiana asisifu viazi vyake hata mara moja njia nzima, jambo ambalo dereva alilisimulia mwaka mzima. Nahumu, aliyekuja kuokoa meza yake, aliwaona wakishuka, akachutama nyuma ya rundo la makoti.

"Badru," likasema rundo, "mwambie mama shikamoo."

"Badru, mwambie marahaba," akajibu Emerensiana akitazama mawingu. "Na atoke, sitamla."

"Jamani, mimi nauza viatu," Badru akasema. "Si simu."

Rehana alikuwa anafunga mizigo kwenda Mbeya. Aliposikia kisa, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe. "Nikufute, mama?"

Emerensiana akautazama ule uso wake.

"Usinifute. Nigeuze."

Basi akachorwa mgongo: kitenge, tenga la viazi kichwani, kisigino kilichopasuka. Saa kumi Nahumu akainua kichwa, akaanza kuita wateja. Wanawake wa sokoni wakasimama.

"Ee, si Emerensiana huyu?"

"Nani hajui mgongo huo? Ndio anaotupa ukimwomba apunguze bei."

Emerensiana akacheka mpaka tenga lake la kweli likaanguka.

Ila kule Njombe aliwaambia watu kwamba uso bado upo, upande wa pili wa ukuta, ndani kwenye mashine. Jirani yake Idda akaenda, akarudi na unga mpaka kwenye nyusi.

"Sikuona kitu!"

"Ulikwenda saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Aa, dada. Saa sita huwa nashuka ukutani kusinzia."