Hita Iliyogoma Njia ya Makambako

Kichanga alikuwa amezaliwa kabla ya wakati wake, na siku waliyomruhusu hospitali ya Njombe, nesi alirudia neno moja tu: asipigwe baridi. Ilikuwa Julai, asubuhi yenye ukungu, umande umeganda kwenye majani. Mdogo wangu alikaa kiti cha nyuma, mwanawe kifuani chini ya mablanketi, mama yetu ubavuni mwake. Mimi nikawasha gari kuwapeleka nyumbani Mahongole, pale Makambako.

Nilizungusha swichi ya hita hadi kwenye nyekundu. Ukatoka upepo wa baridi. Nikairudisha kwenye buluu, nikaipeleka tena kwenye nyekundu. Upepo ni ule ule. Nikajipa moyo kwamba injini ikipata moto mambo yatakaa sawa. Tukapita misitu ya misindano, mshale wa joto bado umelala chini kabisa.

"Dada," mdogo wangu akaniita, "miguu yake imekuwa ya baridi. Nampa ziwa, halishiki."

Nikaegesha kando, mbele ya nyumba moja iliyokuwa ikifuka moshi. Mama hakungoja ushauri. Alishuka, akatoa salamu ya haraka mlangoni, "Kamwene", akarudi na jiko lenye mkaa uliokolea.

"Liweke hapo miguuni, mwanangu, tufunge vioo twende."

Huku kwetu jiko la mkaa ndilo hita ya nyumba, na kila msimu wa baridi tunazika watu waliolala nalo milango imefungwa. Mama mwenyewe amekaa matanga ya namna hiyo.

"Mama, hilo litatuua sote!" nilimfokea. Sijawahi kumfokea kabla ya hapo. Hofu haina adabu.

Nilifungua boneti. Maji yalikuwa yamejaa. Nikashika mipira miwili inayoingia kwenye hita: yote vuguvugu, kwa hiyo maji yanapita. Mpira mkubwa wa rejeta nao vuguvugu vile vile. Ndipo nikamkumbuka yule bwana wa Dar es Salaam aliyeniuzia gari, akijisifu kwamba fundi wake ameng'oa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kabla injini haijapata moto. Kwao ni joto, kidude cha nini? Nilimlaani kwa sauti, mama akisikia.

Nikamwaga kwenye buti parachichi zilizokuwa ndani ya boksi, nikalichana, nikaziba nalo rejeta kwa mbele, upepo usiipoze, kama wafanyavyo madereva wa malori huku juu. Mama akarudisha jiko la watu, amenuna. Tukaondoka.

Mshale ukapanda polepole, na upepo ukageuka wa moto. Nyuma kimya. Niliogopa kuuliza. Niliogopa hata kutazama kioo.

"Ananyonya," mdogo wangu akasema.

Nikasimamisha gari tena. Gari halikuwa na tatizo. Ni miguu yangu iliyokataa kukanyaga.